Ukocha Unaanza Kabla ya Kutundika Daluga

Ndugu zangu walimu, na ninyi wachezaji mliokaa safu za nyuma, nimeombwa nizungumzie safari ya mchezaji wa madaraja ya chini hadi benchi la ufundi. Walionisikia kwenye kozi nyingine wanajua ninakoelekea, na nitalirudia mpaka lieleweke: mchezaji anayetaka kuwa kocha aanze kujifunza ukocha akiwa bado anavaa jezi. Asingoje goti limkatalie.

Mfano wangu ni kocha Mjerumani, Jürgen Klopp. Ya Liverpool mnayajua, ya Dortmund mnayajua, sina haja ya kuyarudia. Ninachokitaka mimi ni ile miaka ambayo hakuna aliyehangaika kumtazama: 1990 hadi 2001, Mainz 05, daraja la pili la Ujerumani. Mechi 325 za ligi, mabao 52, klabu moja. Alifika akiwa mshambuliaji mrefu, mzuri wa vichwa, mzito wa miguu. Baadaye akarudishwa nyuma kucheza namba mbili, yaani beki wa kulia. Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, hakuicheza hata dakika moja. Mwenyewe husema kichwa chake kilikuwa cha daraja la kwanza na miguu yake ya daraja la nne, ndiyo maana akaishia la pili.

Watu wakiisikia kauli hiyo wanacheka, kisha wanaisahau. Isikilizeni vizuri. Mchezaji ambaye miguu haimtoshi analazimika kujua mpira unakokwenda kabla haujafika, vinginevyo hapati namba. Kila Jumamosi anafanya mtihani wa kusoma mchezo. Mwenye kipaji kikubwa anaweza kumaliza miaka kumi bila kuufanya mtihani huo, maana akikosea nafasi, mbio zinamwokoa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1995 Mainz walimchukua mwalimu anaitwa Wolfgang Frank. Timu ilikuwa inaburuza mkia. Wakati ule Ujerumani karibu wote walicheza na beki huru anayebaki nyuma kusafisha, na wengine wakikaba mtu kwa mtu: namba tisa wao akienda chooni, unamfuata. Frank alikuwa amewasoma Milan ya Italia, ya kocha Arrigo Sacchi. Akaamua klabu ndogo, isiyo na hela, yenye wachezaji wa kawaida, ikabe kwa eneo, mabeki wanne kwenye mstari mmoja, timu nzima ikisogea kwa kufuata mpira.

Alifundishaje? Hapa ndipo ninapowaomba muache simu. Aliwaonyesha wachezaji mikanda ya video ya Milan, wakairudia na kuirudia. Kisha akawapeleka uwanjani bila mpira, akasimika vijiti, wakawa wanatembea. Wanatembea tu! Tuseme mpira uko kwa winga wa kushoto wa wapinzani. Namba mbili anatoka kumkabili. Namba tano, beki wa kati, anasogea kuziba uwazi ulioachwa, namba nne anamfuata mwenzake huyo wa kati, na namba tatu, beki wa kushoto, anaingia ndani kabisa, anamwacha winga wa upande wa pili peke yake. Wachezaji wetu hapo wanapiga kelele: "Mwalimu, yule yuko huru!" Ndiyo, yuko huru, lakini mpira wa kumfikia utakaa hewani sekunde mbili au tatu, na katika muda huo mstari mzima unahamia kwake. Ukimfuata yeye tangu mwanzo, umefungua mlango katikati, na katikati ndiko bao linakopatikana. Saa nzima, siku baada ya siku, zoezi ni hilo. Linachosha, linakera, na mashabiki wanaopita nje ya uzio wanauliza kama timu imekosa mipira.

Mzunguko wa pili wa msimu ule hakuna timu ya daraja lile iliyokusanya pointi nyingi kuliko Mainz. Wachezaji ni walewale waliokuwa mkiani.

Na yule namba mbili anayetembea kati ya vijiti ndiye Klopp. Wenzake wengine walijifunza wapi pa kusimama. Yeye alitaka kujua kwa nini wasimame pale. Kumbukeni pia kwamba mwaka huohuo wa 1995 alimaliza shahada yake ya sayansi ya michezo pale Chuo Kikuu cha Goethe, Frankfurt. Alikuwa na mtoto, analipwa mshahara wa daraja la pili, anafanya mazoezi Mainz, anasoma Frankfurt. Mchezaji wa Championship, daraja letu la pili, akiniambia hana muda wa kozi ya leseni D ya CAF, ile ya kuanzia ukocha, namuuliza: baada ya mazoezi ya asubuhi, saa sita mchana unakuwa wapi? Nauliza kwa dhati. Wengi wenu mnajijua mlipo saa hizo.

Najua mtakachosema. "Mwalimu, huko ni Ujerumani, kuna hela." Mainz ya wakati ule haikuwa imewahi kucheza Bundesliga katika historia yake. Vijiti vinauzwa hata hapa kwetu, na kutembea ni bure. Mwingine atasema, "Mbona Zidane alikuwa staa na ametwaa Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo?" Zidane alikaa benchi la kocha Ancelotti pale Real Madrid akiwa msaidizi, kisha akapewa timu ya pili, Castilla, ndipo akapewa timu kubwa. Hata staa alipanga foleni. Hapa kwetu staa wa zamani anakabidhiwa timu Jumatatu kwa sababu ya bao alilofunga miaka kumi na tano iliyopita, na kijana aliyecheza First League, daraja letu la tatu, misimu minane, anayejua kila kiwanja kibovu na kila mbinu ya kukitumia, haitwi hata kubeba koni. Linaniudhi, na sioni aibu kulisema mbele ya viongozi waliopo.

Mwisho wa Februari 2001, wiki ya kanivali, Mainz walimfukuza kocha wakiwa hatarini kushuka. Meneja wa klabu, Christian Heidel, akamgeukia namba mbili wake. Klopp, miaka 33, akatundika daluga wiki hiyo, akarudisha kikosi kwenye mfumo wa Frank, na Jumatano tarehe 28 wakaifunga Duisburg 1-0. Hawakushuka. Watu wanaita bahati. Bahati gani? Kwa nusu mwaka wa kwanza wa Frank na miaka iliyofuata alikuwa darasani. Na hakuwa peke yake: Torsten Lieberknecht alitoka chumba kilekile cha kubadilishia nguo akaja kuipandisha Braunschweig Bundesliga mwaka 2013, na Sandro Schwarz akaja kuifundisha Mainz yenyewe.

Muda naona unanibana. Jambo la pili lilikuwa uvumilivu wa viongozi, nalipita haraka. Mwaka 2002 Mainz walikosa kupanda siku ya mwisho. 2003 wakakosa tena siku ya mwisho, safari hii kwa tofauti ya bao moja, baada ya Frankfurt kufunga bao dakika za majeruhi. Klabu zetu zingekuwa zimeshamfukuza Klopp mara mbili. 2004 wakapanda. 2007 wakashuka, na bado hawakumfukuza. Viongozi, hayo mkayajadili wenyewe.

Kocha Mwingereza Graham Potter nilimwandalia sehemu nzima, sitaimaliza. Beki wa kushoto, aliyecheza Boston na Macclesfield, akasoma chuo, akaenda Östersund ya Sweden ikiwa daraja la nne. Februari 2018 walikuwa Emirates, uwanja wa Arsenal, wakiifunga Arsenal 2-1, ingawa walitolewa kwa jumla ya mabao ya mechi mbili. Someni habari zake.

Nilitaka kugusa makocha wa makipa na soka la wanawake, ambako leseni zinahitajika hata zaidi. Tutayaweka siku nyingine. Wachezaji wenye umri chini ya miaka 30, bakini nami hapa mbele tuandike majina ya wanaotaka kuanza na leseni D. Walimu wengine mnaweza kwenda kupata chai. Maswali nitayapokea hapahapa mezani.