Suti ya Timu Siku ya Mechi: Tuanze na Paja

Ndugu viongozi wa vilabu, walimu wa michezo na mafundi mliofika, karibuni. Mada ni timu kuvaa suti siku ya mechi, nami nitaanza na paja.

Suti nyingi za dukani hukatwa kwa kukadiria kuwa kifua kinakizidi kiuno kwa inchi 6 hivi. Kwa mcheza raga tofauti hiyo hufika inchi 8, hata 10, na mapaja yake yana hesabu nyingine kabisa. Ukimnunulia suruali inayomtosha kiunoni, itambana mapajani, na akipanda ngazi za basi itapasuka msambani. Kwa hiyo nunua inayotosha mapaja na makalio, kisha fundi apunguze kiuno kwenye mshono wa nyuma. Paja la suruali haliongezeki kama hakuna kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Koti nalo lichagueni kwa mabega. Urefu wa mikono na kiuno ni kazi ndogo, lakini bega likikosewa ni kufumua koti, na mafundi hapa wanajua bei ya kazi hiyo.

Msipime mara tu baada ya mazoezi; misuli huwa imejaa damu na kipimo kinadanganya. Futi kamba ipite sehemu nene kuliko zote, na paja la kulia lipimwe, la kushoto lipimwe, maana kwa wanamichezo hayalingani kila mara. Vipimo vya kutumiwa kwa simu vikataeni: mchezaji hukutajia saizi aliyovaa kabla hajaanza kunyanyua vyuma. Suti ikiwa tayari, ajaribu akiwa ameketi, kwa sababu ndivyo atakavyokaa safari nzima.

Kwa joto letu, sufu nyepesi ya gramu 250 hivi kwa mita inapumua na mikunjo yake hujinyoosha ikitundikwa. Polista ni rahisi mfukoni ila inafuga jasho. Kitani kitafika uwanjani kimekunjamana.

Rangi? Bluu iliyokoza au kijivu, basi. Tarehe 11 Mei 1996 Liverpool walifika Wembley kwa fainali ya Kombe la FA wakiwa na suti za Armani za rangi ya krimu. Manchester United wakawafunga 1-0, bao la Eric Cantona dakika za mwisho, na suti zile zinataniwa mpaka leo. Suti haikufungisha mtu, lakini vazi linalopiga kelele humpa mpinzani maneno ya bure. Chagueni rangi ambayo mtaweza kutoka nayo uwanjani mkiwa mmefungwa.

Sasa kanuni. Ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, chini ya kamishna David Stern, ilitoa yake Oktoba 2005: mavazi nadhifu ya kikazi kwa mchezaji akiwa kwenye shughuli za timu au ligi. Haikuishia kwenye neno "nadhifu". Ilitaja marufuku kwa majina: fulana, kaptura, kofia, minyororo juu ya nguo, miwani ya jua ndani ya jengo. Mchezaji Allen Iverson na wenzake waliipinga wakisema inawalenga vijana weusi na mavazi ya hip hop, na kwa maoni yangu hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini kwa kuwa ndani ya mipaka hiyo kila mtu alibaki na uhuru wa kuchagua, wachezaji waliigeuza njia ya kuingilia uwanjani kuwa jukwaa la mitindo. Ligi ya magongo ya barafuni, NHL, ilikaza zaidi, koti na tai, hadi makubaliano ya 2025 yalipoliondoa sharti hilo.

Kwenu, andikeni nani analipia suti, inavaliwa kuanzia wapi hadi wapi, raba zinaruhusiwa au la. Mkiandika "wavae vizuri" tu, mtabishana kila Jumamosi.

Baada ya mechi, mchezaji akitoka kuoga asivae shati papo hapo. Mwili bado unatoa jasho. Apumzike dakika 10 hadi 15, la sivyo shati litamganda mgongoni mbele ya kamera. Makoti yatundikwe kwenye henga pana, si kwenye misumari ya chumba cha kubadilishia nguo. Na mtunza vifaa awe na sindano, uzi, vifungo, mashati meupe mawili na tai mbili za akiba. Yuko mmoja atakayesahau tai yake.