Harufu ya Mrihani na Gharama Zake

Asanteni. Hilo tawi la mrihani linalopita mikononi mwenu, kila mmoja achume jani moja, alifikiche, anuse. Msilitupe, tutalirudia.

Mtu wa pwani akinusa hapo anakumbuka kikuba na harusi. Mimi, kwa ubaya wa kazi yangu, nakumbuka vimeng'enya, protini zinazoendesha mapishi ya kemikali ndani ya mmea. Jani hilo limejaa vijifuko vidogo usivyoweza kuviona bila lenzi. Ulipolifikicha ulivipasua, na miongoni mwa vilivyotoka ni linalooli, mojawapo ya kemikali tuziitazo terpeni.

Mmea huzijenga kwa vipande vyenye kaboni tano tano. Ukiunga viwili unapata kaboni 10, vitatu 15, vinne 20. Hapo ndipo huingia kimeng'enya, kikaukunja mnyororo kwa namna yake. Ni kama ukindu: mikono ya huyu hutoa mkeka, ya yule hutoa kawa, na ukindu ni ule ule.

Lakini ukindu wenyewe hautoshi kila kazi. Vipande hivyo hivyo hutengeneza mkia wa klorofili, ile rangi ya kijani, karotini, rangi ya karoti, na jibereli, homoni inayorefusha shina. Chungu kimoja, walaji wengi. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi walieleza jinsi walivyochukua jeni ya kimeng'enya cha linalooli kutoka kwenye stroberi, wakaipandikiza kwenye Arabidopsis, kimmea kinachopendwa sana maabara. Kikaanza kutoa linalooli, na vidukari, wale wadudu wadogo wafyonzao utomvu, wakakikwepa. (Kiswahili kimetupa kunukia na kunuka; kinachotunukia sisi, kidukari hunuka kwake.) Ila mimea iliyotoa harufu kwa wingi ilidumaa. Tena sehemu ya linalooli haikutoka nje: mmea uliigeuza na kuifunga kwa sukari, ikabaki ndani ya majani. Ukiongeza kimeng'enya kimoja, jiko zima linapanga upya kazi zake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mahindi. Mizizi ya baadhi ya aina ikitafunwa na mabuu ya mbawakawa, hutoa kariofilini, terpeni iliyomo pia katika karafuu na pilipili manga. (Si ile yujenoli inayotia ganzi jino, hiyo si terpeni.) Harufu hupenya udongoni na kuwaita minyoo wadogo mno wanaoingia ndani ya mabuu na kuyaua. Mmea umeumwa, umeita walinzi. Utafiti uliotoka 2005 ulionyesha kuwa aina nyingi za mahindi ya Amerika Kaskazini zimepoteza uwezo huu, ilhali za Ulaya na teosinte, jamaa wa porini wa mahindi, bado zinao.

Basi watafiti wakayapa mahindi yaliyopoteza uwezo huo jeni ya kariofilini kutoka oregano, mmea wa kiungo. Shambani, mbawakawa waliochomoza walipungua kwa asilimia 60 hivi. Makofi, sivyo? Ngojeni. Jeni ile haikuwa na swichi. Mmea ulitoa harufu usiku na mchana, uumwe usiumwe. Matokeo yaliyofuata, ya 2013, yakaonyesha gharama: kuota kwa mbegu kulizorota, ukuaji na mavuno vikapungua, na wadudu wala majani wakavutiwa. Anayepiga yowe humwambia na mwizi nyumba ilipo.

Uingereza, huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo, walijaribu kwa ngano. Waliipa kimeng'enya cha farnesini, harufu ambayo vidukari wenyewe huitoa wakivamiwa, kuonya wenzao. Maabara, vidukari walikimbia. Shambani, katika majaribio ya 2012 na 2013, hawakupungua. Yaelekea king'ora kisichonyamaza huzoeleka. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mimi siuiti utafiti ule kushindwa. Nadhani jeni sasa tunaijua vizuri. Tulichopuuza ni swichi yake, yaani ni lini mmea unaamua kunukia, na ni tishu gani itoe.

Haya, yanuseni tena yale majani yenu. Hayanukii kama mwanzo. Vijifuko vimepasuka, na jani lililokwisha chumwa halina tena shina la kulilisha. Sasa mwenye pua nzuri aje hapa mezani. Tawi hili la pili hakuna aliyeligusa tangu asubuhi. Linanukia kidogo tu, eeh? Sasa likwangue kwa ukucha.