Gavana aliyesema waje wote pamoja

RUKIA: Assalaam aleikum, wasikilizaji. Karibuni barazani. Mimi Rukia, na huyu hapa Salim, leo kaja na kahawa yake mwenyewe, maana yangu ati nyepesi.

SALIM: Si ati. Yako ni maji ya moto. Haya, leo wataka tumzungumze gavana, na wala si wa kaunti yetu.

RUKIA: Robert Ray, wa jimbo la Iowa, Marekani. Wakili, mtu wa chama cha Republican. Alishika ugavana 1969 mpaka 1983.

SALIM: Miaka 14! Hapa kwetu ukimaliza mihula miwili, wafunganya.

RUKIA: Basi 1975 akapata barua ya kuwaombea Watai Dam, kabila moja la Vietnam. Watu hawa walishahama Vietnam miaka ya 1950 wakakimbilia Laos. Laos nayo iliposhikwa na wakomunisti, wakavuka kuingia Thailand. Barua ilikwenda kwa magavana kadhaa, na kubwa waliloomba ni wasitenganishwe.

SALIM: Na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu serikali kuu ilitaka wakimbizi watawanywe, huku familia mbili, kule tatu, jimbo moja lisielemewe.

RUKIA: Ray akapeleka ombi mpaka kwa Rais Ford, akakubaliwa. Wakaja Iowa watu 1,200 hivi. Toka joto la Thailand, fikia theluji!

SALIM: Mgeni siku mbili...

RUKIA: ...ya tatu mpe jembe! Ndivyo alivyofanya, kazi ya kuwapokea aliikabidhi idara ya ajira ya jimbo. Wako walionung'unika kwamba kazi zao zitachukuliwa. Yeye 1979 akaona kwenye runinga watu wa Vietnam wanahangaika baharini na vimashua, akamwandikia Rais Carter: nitapokea wengine 1,500.

SALIM: Mwaka huohuo Ray alikwenda kambini Thailand, akakuta Wakambodia wanakufa mbele ya macho yake. Kurudi kwao, watu wa Iowa wakachanga zaidi ya dola nusu milioni. Mimi lakini hilo la kutotenganishwa ndilo lanigusa zaidi.

RUKIA: Nami pia, kwa sababu ya Utange, hapa Mombasa. Wakumbuka kambi ile ya wakimbizi?

SALIM: Nakumbuka. Somalia ilipovunjika 1991, watu walishuka hapa na majahazi.

RUKIA: Jirani yetu mmoja alikuwa Mbarawa, mtu wa mji wa Barawa, Somalia. Siku ya kwanza alipobisha hodi kuomba chumvi, nyanya yangu alisimama mlangoni akimsikiliza tu. Chimiini, Kiswahili chao cha Barawa, na Kimvita chetu cha Mombasa ni ndugu: sisi "ki", wao "chi". Nyanya akamwambia, ingia, hebu sema tena.

SALIM: Chumvi akapata?

RUKIA: Alipata baada ya saa zima! Akatujengea tanuri la udongo uani, asubuhi twala mkate wa mofa wa moto, vidole vyaungua. Kisha kambi zikafungwa. Wengine kambi ya Kakuma, kaskazini, wengine Ulaya, wengine Marekani. Yeye alikwenda na mwanawe mmoja, dadake akapelekwa nchi nyingine.

SALIM: Na tanuri?

RUKIA: Liko. Limepasuka ubavuni, mamangu akalikandika udongo. Ijumaa hii njoo, lakini kahawa tutapika sisi.