Mama wa Chai wa Khartoum

Asanteni, kaeni tu, hao walioko mlangoni kuna viti huku mbele. Wengine wenu mmeshanisikia nikiongea haya mambo, na nitayaongea tena kwa sababu bado naona tunafanya vile vile. Simu inalia, unasoma kichwa cha habari cha mji uliopatwa na janga, unasema "woi, maskini", unafungua kitu kingine. Na huo mji wewe umeishi! Umekula huko, umeugua huko ukauguzwa na jirani, halafu leo unasoma jina lake kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga.

Mwezi wa tatu 2025 Sudan ilipiga marufuku bidhaa za Kenya, kwa ile hasira ya RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan, na wenzao kukaribishwa hapa Nairobi mwezi wa pili wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Magazeti yakaandika hasara, wakulima, mnada wa chai wa Mombasa, makontena. Sawa, Sudan ilikuwa mnunuzi mkubwa wa chai yetu na mkulima ana haki ya kulia. Lakini mimi kuona Sudan na chai kwenye mstari mmoja, kontena sikuliona kabisa, nilimwona mama mmoja amekaa chini ya mwarobaini.

Nilisoma Khartoum, mji mkuu wa Sudan, 2003 hadi 2007. Mji ule kila kona ilikuwa na mama wa chai, wanawaita sitt ash-shai. Ana meza ndogo, jiko la makaa, mikebe ya karafuu na tangawizi na mnanaa, pembeni legemat ambazo ni hizi hizi kaimati zetu ila zile wananyunyizia sukari, na vistuli vifupi mnamzunguka, profesa na mwosha magari goti kwa goti. Wengi wao walikuwa wamekimbia vita. Huyu wetu alitoka Darfur, magharibi mwa Sudan. Tulimwita khala, yaani mama mdogo.

Siku moja nikamwambia, khala, majani yako yanatoka kwetu. Akaacha kumimina. Akaniuliza, mti wenyewe unafanana vipi? Nikakwama, maana nimezaliwa Pumwani, chai nimeijua ikiwa ndani ya pakiti. Basi nilipokuja likizo nikapanda matatu ya Limuru, nikamwomba mzee mmoja shambani kwake anikatie kitawi, nikakilaza katikati ya daftari nikasafiri nacho. Kilifika kimekauka, jani moja limekatika. Khala alikinusa, akampa mteja wa kwanza, akampa wa pili, kila mtu akakishika, mzee mmoja akakigeuza geuza kama anayesoma barua, mwisho khala akakitia kwenye mkebe wa karafuu akafunga. Na kuanzia siku hiyo mpaka namaliza masomo glasi yangu ya kwanza hakuichukulia hela. Alikuwa akisema, hii imetoka kwenu, nitakuuziaje? Ya pili nililipa.

Sasa najua kuna mtu anawaza, watu wanauawa huko na huyu anatuletea glasi ya chai. El Fasher, mji wa huko Darfur, ilizingirwa zaidi ya mwaka mzima, ikaanguka mwezi wa kumi 2025, na huyu anaongea karafuu! Ndugu yangu, ndiyo maana nazileta hizo karafuu. Vita vilivyoanza 15 Aprili 2023 vimewatoa mamilioni makwao, na mamilioni huwezi kuwaona ukiwa umekaa hapa. Nikisema milioni mnatikisa kichwa tu. Lakini nikisema khala sijui yuko wapi, na rafiki mwenye duka jirani na kona yake aliyekuwa akiniletea salamu zake simu yake haiingii tangu wiki ile ya kwanza, mnanyamaza. Kama hivi.

Na usiniambie Sudan ni mbali. Maji ya Nzoia, ya Yala, ya Mara yanaingia Ziwa Victoria, yanatokea Jinja, yanaenda mpaka Khartoum yanakutana na Nile ya Buluu pale Mogran. Nimesimama pale nikaangalia, maji mawili rangi mbili yanatembea ubavu kwa ubavu kwanza, kuchanganyika ni baadaye. Haya ndiyo maji yetu! Sasa umbali uko wapi?

Naonyeshwa saa. Nilitaka kuongea pia habari za vijana wetu waliokuwa wakisoma Ukraine 2022, na wasichana waliokuwa Beirut bandari ilipolipuka 4 Agosti 2020, mtu akitaja Lebanon kwenye TV msichana anainuka anaenda jikoni na hapo nyumbani hakuna anayemuuliza kwa nini. Mfuateni huko jikoni mumuulize. Na wewe uliyeishi nje chukua simu jirekodi, hata dakika tatu, lugha yoyote, useme jirani alikuwa nani, mkate ulinunua wapi, asubuhi ulisikia sauti gani dirishani. Siasa tuachie sisi, hizo tunasoma kila siku.

Pale safu ya pili kuna mama wa Omdurman, mji ulio jirani na Khartoum, amekuwa nasi hapa Nairobi tangu 2023, amekuja na watoto wake wawili. Zile kona anazijua kuliko mimi na tangu tuanze hakuna aliyemuuliza neno. Mpeni hiyo maiki.