Pampu ya Umeme ya Kusukuma Dizeli: Usiulize Lita, Uliza Presha

Assalamu alaykum, mafundi na madereva wa Pemba. Nimetakiwa nizungumzie pampu ya umeme inayofungwa karibu na tangi kusukuma dizeli. Siku hizi pikapu ikishindwa mlima tu, tunaambiwa dawa ni hiyo.

Hilux za injini ya 3L na 5L, na Land Cruiser ya 1HZ, hazikuja nayo. Pampu ya nozo, ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenye nozo za injini, ndiyo inayojivutia mafuta. Sasa huku kwetu chumvi inakula bomba la chuma chini ya bodi, na mipira inakauka ikapasuka. Upande wa kuvuta ukitoboka, injini inapowaka dizeli haidondoki. Hewa ndiyo inayoingia. Fundi anachungulia chini, pakavu, anasema hapavuji kitu. Asubuhi gari haiwaki mpaka upige pampu ya mkono. Fungeni kipande cha mpira mweupe unaoonesha ndani kabla ya pampu ya nozo, washeni gari, mtazame. Mkiona povu, tafuteni tundu kwanza. Maana ukiweka pampu ya umeme nyuma, tundu lile lile litaanza kumwaga dizeli njiani.

Bomba likiwa zima na bado unaitaka pampu, nenda dukani. Muuzaji atakutajia lita kwa saa, mwache aseme. Wewe uliza presha. Pampu za gari za petroli zenye injekta hutoa kiasi cha bar 3, na watu wanazifunga kwa kuwa ni rahisi kupatikana! Kwa gari hizi mimi sivuki nusu bar, yaani kama psi 7. Presha ikizidi, sili ya shafti ya pampu ya nozo inaweza kuachia, na dizeli ikaangukia mkanda wa taiming.

Najua mnaoneshwa kwenye simu pampu kubwa za Wamarekani. Wana sababu yao. Pikapu za Dodge Ram zenye injini ya dizeli ya Cummins, kuanzia katikati ya 1998 hadi 2002, zilitumia pampu ya Bosch VP44, inayopozwa na kulainishwa na dizeli yenyewe. Pampu ndogo ya kuilisha ilifungwa ubavuni mwa injini, mbali na tangi, na ilikuwa dhaifu. Ikichoka, VP44 nayo inakufa. Gari yako haina maradhi hayo.

Chagueni iliyoandikwa ya dizeli, inayopitisha mafuta hata ikizimika, ili isikuacheni njiani na gunia za karafuu. Kabla yake wekeni filta. Umeme upite kwenye fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na rilei itawaliwe na swichi ya presha ya oili: injini ikizima, pampu isimame. Waya wa athi uchomekeni penye chuma safi.

Kaka pale nyuma anauliza, na D-4D, zile dizeli mpya zaidi za Toyota, je? Hiyo ina komoni reli, yaani bomba moja la presha kubwa linalolisha nozo zote, na pampu yake ya presha kubwa imeundwa kuvuta yenyewe. Badilisha filta, kagua bomba. Usiongeze pampu kabla hujapimiwa na mwenye mashine ya kusoma presha ya reli.