Namibia 1989: Usimamizi Wenye Meno

Mabibi na mabwana, tukitaja msaada wa kimataifa kwa nchi inayoingia kwenye demokrasia, wengi huwaona waangalizi waliovaa vizibao, wanaoshuka uwanja wa ndege wiki moja kabla ya kura na kuondoka matokeo yakishatangazwa. Namibia haikwenda hivyo. Nitabaki huko leo, kwa sababu mpango wake ulikuwa na kitu ambacho mipango mingi imekikosa: mgeni alikuwa na mamlaka ya kukataa.

Azimio 435 la Baraza la Usalama lilipitishwa Septemba 1978, likakaa kabatini miaka kumi, hadi Angola, Kuba na Afrika Kusini zilipotia saini makubaliano ya New York tarehe 22 Desemba 1988. Azimio liliweka uchaguzi chini ya usimamizi na udhibiti wa Umoja wa Mataifa. Uendeshaji wenyewe ulibaki kwa Afrika Kusini, iliyokuwa ikiitawala Namibia, kupitia Msimamizi Mkuu wake, Louis Pienaar. Lakini Mwakilishi Maalumu wa Katibu Mkuu, Martti Ahtisaari wa Finland, alipaswa aridhike na kila hatua: kufutwa kwa sheria za kibaguzi, msamaha kwa wakimbizi, kufunguliwa kwa wafungwa wa kisiasa, uandikishaji, kampeni, kura.

Tazama sheria ya uchaguzi. Rasimu iliyotolewa Julai 1989 ilitaka kura zote zikahesabiwe Windhoek, mji mkuu, tena karatasi ya kura iingie kwenye bahasha yenye namba ya mpiga kura. Kwa mkulima wa Ovamboland, kaskazini mwa nchi, aliyeishi miaka chini ya amri ya jeshi, namba hiyo inatosha kumfanya abaki nyumbani. Umoja wa Mataifa ulikataa. Mabishano yakachukua miezi, na sheria ikatangazwa tarehe 13 Oktoba, chini ya wiki nne kabla ya kura. Muda ulibana kweli, lakini kura zikahesabiwa wilayani.

Uandikishaji ulianza Julai ukaisha Septemba. Karani wa serikali alijaza fomu, na afisa wa Umoja wa Mataifa alikuwa kituoni hapohapo, si hotelini akisubiri ripoti. Kama hawakuelewana juu ya mtu, suala lilipanda ngazi ya juu. Sifa za mwombaji zilikuwa umri wa miaka 18, na awe amezaliwa Namibia, au mzazi wake amezaliwa huko, au ameishi huko miaka minne mfululizo. Daftari likafika watu 701,483. Aliyejikuta mbali na wilaya yake siku ya kura aliruhusiwa kupiga, ila karatasi yake ilifungwa kwenye bahasha ikapelekwa kuhakikiwa kwanza. Wafanyakazi wengi wa migodini na mashambani walikuwa mbali na kwao, kwa hiyo utaratibu huo haukuwa pambo.

Sasa yaliyoharibika. La kwanza ni mwanzo wenyewe. Wakubwa wa Baraza la Usalama waliona askari 7,500 ni gharama kubwa, nchi za Kiafrika zikapinga kupunguza, na mvutano huo ukala wiki. Bajeti ilipita Machi, kazi ikatakiwa ianze tarehe 1 Aprili. Siku hiyo wapiganaji wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, walikutwa kaskazini, na Umoja wa Mataifa ulikuwa na askari wachache mno. Vikosi vya Afrika Kusini vikaruhusiwa kutoka kambini, na katika siku chache watu zaidi ya 300 wakafa. Ilibidi pande husika zikutane Mount Etjo tarehe 9 Aprili kuuokoa mpango. Baadaye vikosi vya miguu vikatimia, kimoja kikiwa cha Kenya, na naibu kamanda wa jeshi lote alikuwa Mkenya, Daniel Opande.

La pili ni polisi. Koevoet, kikosi cha kupambana na waasi, kilivunjwa kwa jina tu. Watu wake wakaingizwa polisi ya kawaida, wakaendelea kuzunguka vijijini na magari ya deraya yaitwayo Casspir. Wachunguzi wa polisi wa Umoja wa Mataifa walikuwa na magari ya kawaida yasiyostahimili mabomu ya ardhini. Casspir ikikata porini, mchunguzi anabaki barabarani. Dawa ilikuwa mbili: idadi yao ikapandishwa kutoka 360 iliyopangwa hadi 1,500, na magari yanayostahimili mabomu yakatafutwa. Azimio 640 la Agosti likadai Koevoet ivunjwe kweli, na ikavunjwa kabla ya kura.

Kura zilipigwa kuanzia tarehe 7 hadi 11 Novemba, wakajitokeza asilimia 97. SWAPO ilipata viti 41 kati ya 72 vya bunge la kutunga katiba. Kuipitisha katiba kulihitaji theluthi mbili, yaani viti 48, sharti lililokubaliwa tangu 1982. Viti saba vilivyopungua vililazimisha mazungumzo, na katiba ikapita kwa kauli moja Februari 1990. Uhuru ukaja tarehe 21 Machi.

Linganisheni na jirani. Angola mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ulipewa kazi ya kuthibitisha tu, wenye waangalizi wa uchaguzi wapatao 400 kwa nchi nzima, na majeshi mawili, la serikali na la waasi wa UNITA, yakaingia kwenye kura yakiwa bado na silaha. Jonas Savimbi, kiongozi wa UNITA, akayakataa matokeo, vita vikarudi. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema kura isubiri hadi silaha zikusanywe.

Namibia nayo ina ukurasa usiofungwa. Walikuwapo watu waliozuiliwa na SWAPO kwenye kambi zake uhamishoni, wakituhumiwa ujasusi. Umoja wa Mataifa ulituma ujumbe Angola na Zambia Septemba 1989 ukiwa na orodha ya majina. Wengine walikutwa wamesharudi nyumbani, wengine ikaelezwa wamekufa, na mamia hawakupatiwa jibu. Huko azimio halikumpa Ahtisaari mamlaka ya kusimamisha chochote, na familia zao bado zinauliza.