Mwenyewe Hayuko: Kwa Nini Wafanyabiashara Wanakataa Kuhojiwa

Haya tuanze, mliochelewa ingieni tu, viti viko huku mbele. Hii maneno ya wafanyabiashara kukataa kuhojiwa kwa utafiti nimeiongea sana mpaka wenzangu ofisini wakiniona nafungua mdomo wanaenda kutafuta chai.

Enumereta, yule tunayemtuma kuhoji watu, akirudi na fomu tupu ataandika "mhojiwa hakuwa na muda." Muda gani? Kijana wetu mmoja aliingia duka la hadiwea hapa Kondele, Kisumu, saa nane mchana, duka halina mteja, mama anapima misumari pole pole anafunga kwa gazeti. Kijana ana beji shingoni na tableti mkononi. "Mama, naomba kuongea na mwenye biashara." "Mwenyewe hayuko, ameenda Nairobi." Atarudi lini? "Hajasema." Kijana bado amesimama hapo, fundi akaingia kuomba apunguziwe simti, mama akamrukia: "Hapa mwenye duka ni mimi, na nimesema haipungui!"

Mnacheka, lakini muda alikuwa nao. Swali letu la kwanza ni "unauza ngapi kwa siku?" na mwingine anayeuliza hivyo ni nani? KRA wa kodi, kanjo wa kaunti, na mwizi. Ule uchunguzi wa biashara ndogo wa 2016 ulikadiria ziko kama milioni 7.4 Kenya nzima na karibu milioni 5.8 hazina leseni, sasa wewe unabisha mlango na beji halafu unashangaa mwenyewe ako Nairobi? Halafu 2023 ushuru wa mauzo wa biashara ndogo, ile turnover tax, ukatoka asilimia 1 ukaenda 3, hapo ndio mambo yaliharibika kabisa.

Najua kuna mtu ataniambia, lakini sheria ya takwimu ya 2006 inalinda siri ya anayejibu. Nimeisoma. Mama hajaisoma, na akiisoma atakuta sheria hiyo hiyo inasema kukataa kujibu ni kosa, sasa hapo umemtuliza ama umemtisha? Na hiyo ni ya takwimu za serikali, sisi wengine tunatembea na barua ya chuo tu na tabasamu.

Mimi nasema swali la pesa liende mwisho, na usimwulize hesabu kamili, mpe viwango, kutoka hapa mpaka pale, achague. Anza na stima kupotea, anza na barabara, hapo ataongea mpaka wewe ndio utaomba kwenda.

Kampuni kubwa za Nakuru sitaziongelea sana, kule fomu inatoka kwa meneja inaenda makao makuu Nairobi inafia huko kwa mawakili. Na tafadhali msiende karibu na tarehe 20, watu wanahangaika na ritani za kodi ya VAT. Pia kuna ile ya kutorudisha matokeo, watu wamehojiwa miaka na miaka na hawajawahi kuona hata karatasi moja, hiyo nilitaka kuiongea kwa kirefu lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Maswali. Wewe wa nyuma, uliza, bora isiwe ya nauli.